Thaimu jikoni na bustanini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo hurudi tena na tena kutoka kwa watu wanaopanda thaimu nyuma ya nyumba, kwenye roshani za ghorofa na kando ya vijia vya bustani jijini Nairobi. Majibu yamezingatia mji huu, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na wenye mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu mmea huu yaliandikiwa watu wa nchi zenye theluji, na Juni yao si Juni yetu. Atakayesoma mpaka mwisho ataona jambo moja likijirudia: hapa kwetu thaimu nyingi huuawa na mapenzi ya mwenye bustani.

Thaimu ni mmea gani hasa, na kwa nini majina yake yanachanganya?

Thaimu ni jina la mimea ya jenasi Thymus, yenye spishi zaidi ya 200, ambayo iko katika familia moja na nanaa, rehani, rozmari na oregano. Ni vichaka vifupi vyenye majani mwaka mzima na mashina membamba ambayo hugeuka kuwa kuni kadiri yanavyozeeka. Asili yake ni Ulaya, Asia, Afrika ya Kaskazini na nyanda za juu za Ethiopia. Hapa Kenya iliingia kama mmea wa bustani.

Mkanganyiko wa majina una sababu. Neno la Kiarabu zaatari hutumika kwa thaimu, kwa oregano na kwa jamaa zao, na vilevile kwa mchanganyiko wa majani makavu, ufuta na viungo vichachu, kiasi kwamba mtu anayeomba zaatari dukani anaweza kukabidhiwa pakiti ambayo ndani yake hamna thaimu hata chembe. Katika visiwa vya Karibiani nako kuna mmea wa majani mazito yenye manyoya, Plectranthus amboinicus, ambao wenyeji huuita thaimu ingawa si wa jenasi hii. Katika majibu haya, thaimu ni Thymus peke yake.

Nina nafasi ya chungu kimoja tu. Nipande aina gani?

Panda thaimu ya kawaida, ambayo jina lake la kitaalamu ni Thymus vulgaris, wala usipoteze muda kuilinganisha na nyingine. Ndiyo inayokusudiwa na mapishi yanapotaja thaimu bila maelezo zaidi, na ndiyo inayostahimili kuchumwachumwa kila wiki. Hufikia kimo cha sentimita 15 hadi 30. Jani lake lina urefu wa punje ya mchele, zaidi au pungufu kidogo, na ukiligeuza utaona kingo zimejikunja kuelekea chini na tumbo lake lina rangi ya kijivu.

Wauza mbegu huigawa mara mbili: ile inayoitwa ya Kifaransa, yenye majani membamba ya kijivujivu na harufu tamu zaidi, na ile ya Kiingereza, yenye majani mapana kidogo na kijani kibichi. Tofauti hiyo ipo kweli, lakini kwenye sufuria ya maharagwe hakuna mlaji atakayeibaini.

Kwa nini thaimu ya jirani inanukia vizuri kuliko yangu, ilhali zote ni za aina moja?

Harufu ya thaimu hukaa kwenye tezi ndogo mno za mafuta zilizotapakaa juu ya jani, na kiungo chake mashuhuri ni thimoli, ambayo mwanakemia Mjerumani Caspar Neumann aliitenga mwaka 1719. Hata hivyo, si kila thaimu ya kawaida hutengeneza thimoli kwa wingi. Watafiti waliochunguza mimea ya porini kusini mwa Ufaransa walikuta spishi hiyo moja imegawanyika katika aina sita za kikemikali: kuna inayotawaliwa na thimoli, kuna yenye karvakroli inayonukia kama oregano, kuna yenye linaloli inayokaribia lavenda, kuna yenye jeranioli inayokumbusha waridi, na nyingine mbili. Kwa macho zote ni zilezile. Pua ndiyo inayozitofautisha.

Kwa hiyo miche iliyotoka katika pakiti moja ya mbegu inaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja. Ukikutana na mche unaokupendeza, kata vipandikizi kutoka kwa huo huo badala ya kununua mbegu na kubahatisha. Chunguza pia malezi: kivuli kingi na samadi nyingi huzaa majani manene, marefu na ya kupendeza macho, lakini yenye harufu hafifu.

Thaimu ya limau inatofautianaje na ya kawaida?

Thaimu ya limau, Thymus citriodorus, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa chotara wa thaimu ya kawaida na ile ya majani mapana, Thymus pulegioides. Majani yake ni ya mviringo zaidi, laini na yenye mng'ao, na ukiyafikicha hutoa harufu ya ganda la limau kabla ya harufu ya thaimu yenyewe kujitokeza. Zipo zenye majani ya dhahabu na zenye kingo za fedha, na hizo ndizo zinazofaa pande zote mbili, jikoni na bustanini.

Tofauti kubwa huonekana motoni. Thaimu ya kawaida huvumilia kuchemka kwa saa nzima na hata huongezeka ladha, lakini harufu ya limau ni nyepesi na hutoroka na mvuke, kwa hiyo hutiwa dakika chache kabla ya kuepua. Kwa samaki, kwa kuku wa kuoka, na kwa chai ya rangi, sijaona jani linaloishinda. Vijiti viwili katika birika la chai isiyo na maziwa vinatosha. Ukitia vitano utakunywa sabuni.

Kuna aina nyingine za kupikia zinazofaa kutafutwa?

Ipo moja ambayo Mswahili anayejua viungo ataipenda mara moja, nayo ni Thymus herba-barona ya visiwa vya Corsica na Sardinia, ambayo hunukia kama kisibiti. Waingereza wa zamani waliipaka kwenye mapande makubwa ya nyama ya ng'ombe ya kuoka, na jina lake linahusishwa na mapande hayo. Hutambaa, hivyo hufaa pia kufunika ardhi. Ipo vilevile aina yenye harufu ya chungwa, ambayo ni nzuri kwa vitamutamu, ingawa kwa maoni yangu anayeanza hana haja nayo.

Ni aina zipi zinazofaa kwa bustani ya mapambo?

Hapa ndipo thaimu inapoonyesha kwamba si kiungo tu, na hapa pia ndipo watu wengi wa Nairobi hupoteza fedha, kwa sababu huchagua kwa picha. Thaimu za mapambo ziko za namna mbili: zinazosimama kama kichaka na zinazotambaa kama zulia.

Katika zinazosimama, zinazovutia zaidi ni zenye majani ya rangi mbili. 'Silver Posie' ina kingo nyeupe zinazoifanya ionekane kama imemwagiwa unga, na hupendeza sana ikiwekwa mbele ya mimea ya kijani kilichokolea. 'Doone Valley' ni ya limau, fupi, yenye majani ya kijani yaliyorashiwa dhahabu. Mimea ya rangi mbili ina tabia ya kurudi kwenye asili yake: mara utaona tawi moja limetoka kijani tupu, lina nguvu kuliko mengine na linakimbia. Likate mpaka shinani siku hiyo hiyo, kwani ukiliacha litawameza wenzake na baada ya miezi michache utakuwa na thaimu ya kijani uliyoinunua kwa bei ya ile ya rangi mbili.

Katika zinazotambaa, mashuhuri ni Thymus serpyllum na jamaa yake Thymus praecox, ambazo hukaa chini ya sentimita 10 na kutoa maua ya zambarau, ya waridi au meupe. Aina iitwayo 'Elfin' ni ndogo kiasi kwamba kichaka kizima huonekana kama mto wa kuchomekea sindano. Hizi hupandwa katikati ya mawe ya kijia, juu ya kuta fupi na kwenye miteremko. Mtu aliyetandaza kabro uani anaweza kuacha nafasi hapa na pale, akazijaza mchanga na udongo kidogo, na kupanda vijimche umbali wa sentimita 15 hadi 20. Kila mguu unapokanyaga ukingo wa zulia hilo, harufu hupanda.

Lakini zulia hilo si nyasi. Hukanyagwa mara moja moja, halikanyagwi na watoto wanaocheza mpira kila jioni, na nikiulizwa kama linaweza kuchukua mahali pa nyasi za uwanja mzima hujibu kwamba halitaweza, kwa kuwa magugu yatakayochomoza katikati yake hung'olewa kwa vidole, jani kwa jani, na kazi hiyo haina mwisho wakati wa masika.

Aina moja ningeiepuka kabisa: ile ya manyoya, Thymus pseudolanuginosus. Kwenye picha ni nzuri ajabu, kijivu na laini kama sikio la sungura. Manyoya hayohayo hushika matone ya maji, na mvua za Aprili zinapopiga siku kumi mfululizo, zulia huanza kuoza kutoka katikati. Anayeipenda sana aiweke kwenye chungu kilicho chini ya upenu.

Je, thaimu za mapambo zinaweza kuliwa?

Ndiyo, thaimu zote zilizotajwa hapa zinalika, ila nyingi za zinazotambaa zina ladha hafifu na ni karaha kuchuma, kwa sababu majani yake ni madogo na yamejaa mchanga uliorushwa na mvua. Usichume kwenye mimea iliyonyunyiziwa dawa ya wadudu ya maua, wala kwenye kijia ambacho paka na mbwa wa mtaa hupita.

Nitajuaje kama mche niliouziwa ni thaimu kweli?

Miche mingi inayouzwa kando ya barabara zetu haina kibandiko, na muuzaji mara nyingi hujibu kwa nia njema kile anachodhani unataka kusikia. Mimi mwenyewe nilinunua miche sita ya thaimu kwenye kitalu kimoja, nikaipanda kwa mstari, nikaitunza, na baada ya wiki tano mstari mzima ukawa na majani mapana kama kucha ya kidole gumba. Ilikuwa oregano. Tuliila.

Tangu siku hiyo hufanya hivi. Kwanza hutazama ukubwa wa jani: jani la thaimu ni dogo mno, halifiki upana wa punje ya dengu, ilhali la oregano ni pana, lina kikonyo kinachoonekana na manyoya mafupi. Pili hushika shina changa kati ya vidole viwili na kulizungusha; kama mimea mingi ya familia ya nanaa, shina hilo lina pembe nne, na vidole huzihisi. Tatu hufikicha jani moja na kulinusa, kisha huvuta pumzi na kulinusa tena, kwa sababu harufu ya kwanza hudanganya. Thaimu ya kawaida ina ukali mkavu wenye dawa ndani yake, oregano ina uzito wa pilipili, na rozmari inakaribia kafuri. Asiyekuwa na uhakika anunue kwanza kifungu cha thaimu mbichi, mathalani kwenye soko la City Park kule Parklands, akiweke mfukoni na kwenda nacho kwenye kitalu kama kielelezo.

Udongo wa Nairobi unafaa?

Inategemea unaishi upande gani, na swali hili linastahili jibu refu kuliko mengine yote, kwa sababu udongo ndio unaoamua kama thaimu itaishi miaka minne au wiki nne.

Upande wa magharibi, kama vile Karen, Lavington na kuelekea Kikuyu, udongo ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Tatizo lake dogo ni kwamba una uchachu kidogo, na thaimu, ambayo kwao huota kwenye miamba ya chokaa, hupenda udongo usio na uchachu au wenye chokaa kiasi, kati ya 6 na 8 kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH. Gao moja la chokaa ya kilimo kwa kila mita moja ya mraba, likichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, hutosha.

Upande wa mashariki na kusini, yaani Embakasi, Syokimau, Kitengela na kwingineko, udongo ni mweusi, ule wa pamba. Wakati wa mvua huvimba na kushika maji kama unga uliokandwa. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo kidole hupenya. Mizizi ya thaimu, iliyo myembamba kama uzi, hukosa hewa katika hali ya kwanza na hukatika katika hali ya pili. Usijaribu kuurekebisha udongo huo kwa kumwaga mchanga kidogo juu yake. Jenga tuta lililoinuka sentimita 30 kwa mawe au matofali, ulijaze mchanganyiko wa udongo mwekundu sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja na kokoto ndogo sehemu moja, kisha upande juu yake.

Kama hujui udongo wako uko kundi gani, chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywee, kisha ulijaze tena. Saa nne baadaye, maji yakiwa bado yamesimama, panda kwenye tuta au kwenye chungu. Samadi iwe kidogo sana wakati wa kupanda, na baada ya hapo pengine usiongeze kabisa. Tandaza kokoto ndogo chini ya majani badala ya nyasi kavu, kwani kokoto hukauka upesi na huzuia matope kurukia majani.

Ninaishi ghorofani. Roshani yangu itafaa?

Itafaa ikipata jua kwa saa sita au karibu na hapo. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Roshani inayotazama kusini inaweza kung'aa Januari na kuwa pango Julai, na mwenye roshani hiyo hudhani mmea umeugua kumbe jua limehama. Vilevile asubuhi za Julai na Agosti mara nyingi hufunikwa na mawingu mazito ambayo hufunguka mchana, na katika miezi hiyo roshani ya magharibi huishinda ya mashariki. Njia rahisi ni kutumia chungu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba, na kukihamisha.

Chungu cha udongo wa kufinyangwa ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu hupumua. Ndoo au mkebe wa rangi uliosafishwa utafaa pia, mradi utobolewe matundu matano au sita chini, na usimame juu ya vipande vya matofali.

Nimwagilie maji mara ngapi?

Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, rudi ndani ukafanye kazi nyingine. Mche mpya huhitaji maji kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki tatu za kwanza, mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo, mmea wa chunguni hutosheka na maji mara moja kwa wiki wakati wa jua kali, na wa ardhini hutosheka na mvua isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu. Kwa mji ambao mabomba yake hukauka siku kadhaa za wiki, ni mmea wa kushukuriwa.

Thaimu yangu ya kwanza niliiua mwezi wa Aprili. Niliona majani yanageuka manjano, nikadhani ina kiu, nikaongeza maji. Majani yakaanguka, nikaongeza tena. Siku nilipouvuta, mche wote ulitoka bila kushikilia, mizizi ikiwa ya kahawia na telezi, inanuka kama mfereji, na kwenye sahani niliyoiweka chini ya chungu kulikuwa na maji ya kina cha vidole viwili. Dalili za maji mengi na za kiu hufanana kwa majani. Hutofautiana kwa udongo. Ondoa sahani.

Nianze kwa mbegu au kwa vipandikizi?

Kwa thaimu ya kawaida, njia zote mbili zinawezekana. Mbegu ni ndogo kama vumbi, hunyunyizwa juu ya udongo laini bila kufukiwa kwa kuwa huhitaji mwanga ili zichipue, na hutokeza baada ya wiki mbili hadi nne. Wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu na kuzimwaga. Kwa aina zenye majina maalumu na zenye rangi mbili, mbegu hazifai, kwa sababu watoto hawamfuati mama.

Vipandikizi ndivyo ninavyopendelea. Kata ncha za matawi machanga yasiyo na maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya nusu ya chini, uchomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, uweke mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, na baada ya wiki tatu au nne ukivuta taratibu utahisi vimekataa kutoka. Hata kifungu kilichonunuliwa sokoni, kikiwa kibichi, hutoa vipandikizi kadhaa vinavyoshika. Aina zinazotambaa hazihitaji hata hayo: hung'olewa kipande chenye mizizi na kuhamishwa.

Kuchuma na kupogoa hufanywaje?

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kwa makasi. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, wala usikate chini mpaka kwenye kuni isiyo na majani, kwani sehemu hiyo ni nadra kuchipua tena. Harufu huwa kali zaidi kabla ya maua kufunguka. Maua yakinyauka, punguza mmea wote kidogo ili ubaki mfupi na mnene.

Kama pishi linataka thaimu mbichi nami nina kavu, nitumie kiasi gani?

Theluthi moja: kijiko kimoja kidogo cha kavu badala ya vijiko vidogo vitatu vya mbichi. Thaimu ni miongoni mwa majani machache yanayokauka bila kupoteza heshima; rehani na dania zikikauka hubaki nyasi.

Kukausha ni rahisi mwezi wa Februari na ni taabu mwezi wa Julai. Funga matawi kwa uzi na uyaning'inize kichwa chini mahali penye hewa na kivuli kwa wiki moja au mbili, mpaka majani yavunjike yakiguswa. Baridi na unyevu vikizidi, tumia oveni kwa moto wa chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Yahifadhi majani mazima kwenye chupa mbali na jiko, na uyasage kwa viganja wakati wa kupika tu. Mbichi hukaa kwenye friji wiki moja hadi mbili, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo.

Ili kutoa majani mabichi kwenye kijiti, shika ncha ya juu kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili uteleze kuelekea chini, kinyume cha yalivyoota. Majani yote huanguka kwa mkupuo mmoja, na jikoni kwako patanukia kabla moto haujawashwa.

Thaimu inaendana na vyakula vyetu?

Inaendana na vingi, ila si vyote. Maharagwe yaliyoungwa kwa vitunguu na nyanya, githeri, supu ya mbuzi, viazi vya kuoka na kuku wa kienyeji wa mchuzi hupata kina kipya kwa vijiti viwili au vitatu vinavyotiwa mapema pamoja na vitunguu na kuondolewa mwishoni. Kwa mbuzi wa kuchoma, saga majani mabichi na kitunguu saumu, chumvi, ndimu na mafuta kidogo, umpake saa mbili kabla. Nyama ikishawekwa juu ya makaa usirudie kumpaka, kwani majani yaliyoungua ni machungu. Wajamaika huisaga thaimu pamoja na pilipili kali na pilipili ya Jamaika kwa nyama yao ya kuchoma, na mlaji wa Nairobi hahitaji kushawishiwa kuhusu mapishi hayo.

Kwenye pilau na biriani, mimi huiacha nje. Iliki, mdalasini na karafuu zimekwisha kupatana miaka mingi, na mgeni huyu huingilia mazungumzo yao. Sukuma wiki nayo haimhitaji.

Ni kweli kwamba jirani zetu wa Ethiopia wana thaimu yao wenyewe?

Ni kweli. Thymus schimperi na Thymus serrulatus huota katika nyanda za juu za Ethiopia, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, na wenyeji huziita tosign. Huchemshwa kama chai na kutiwa kwenye viungo vya kusaga vya mchuzi wa shiro. Mkazi wa Nairobi mwenye hamu ya kuionja anaweza kuulizia kwenye migahawa na maduka ya Kihabeshi, ambako majani makavu hufika mara kwa mara.

Je, inatibu kikohozi?

Chai ya thaimu imetumika Ulaya kwa vizazi vingi, na Shirika la Dawa la Ulaya hulitambua jani hili kama dawa ya jadi ya kikohozi chenye makohozi kinachoambatana na mafua. Hilo ni jambo moja. Kikohozi cha wiki tatu, chenye damu au homa za usiku ni jambo jingine, nalo ni la hospitalini. Mafuta yaliyokamuliwa ya thaimu, yale ya chupa ndogo, ni makali sana na hayanywewi, hayapewi watoto, na mama mjamzito ayaepuke. Kiasi kinachotiwa kwenye chakula cha kawaida hakina shida.

Itavuta nyuki nyumbani?

Ikichanua, ndiyo, na kwa wingi. Asali ya thaimu ya mlima Hymettus huko Ugiriki imesifiwa tangu zama za kale. Anayeishi na mtu mwenye mzio wa nyuki akate maua yakiwa machanga. Wafugaji wa nyuki, kwa upande wao, hutumia thimoli mizingani dhidi ya utitiri wa Varroa.

Ni wadudu na magonjwa gani ya kuogopa?

Machache. Utitiri mwekundu hujitokeza wakati wa kiangazi kwenye roshani zenye vumbi, na majani huonekana kama yametobolewa kwa sindano. Yaoshe kwa maji yenye nguvu asubuhi kwa siku kadhaa. Vidukari huondolewa kwa njia hiyo hiyo. Kuoza kwa mizizi kumekwisha kuelezwa, na ndiko kunakoua.

Thaimu yangu ina miaka minne na katikati imebaki vijiti vitupu. Nifanyeje?

Huo ni uzee, si ugonjwa, na thaimu nyingi hufika hapo baada ya miaka mitatu au minne. Mwaga mchanga uliochanganywa na udongo katikati ya kichaka mpaka vijiti vyote vifukiwe na ncha zenye majani tu zibaki nje, umwagilie kidogo, na usubiri miezi miwili. Kila kijiti kitakuwa kimetoa mizizi yake ndani ya kifusi hicho, nawe utavikata kimoja kimoja na kuvipanda upya kama miche. Kisiki cha zamani king'oe, ukianike mpaka kikauke kabisa, na siku ya kuchoma nyama ukitupe juu ya makaa.